Nitajie mambo matatu

Binti yangu ndiye aliyeninyanyua kutoka kwenye mbuzi. Ilikuwa jioni, mwaka 2019, uani kwetu Ngamiani, Tanga, nazi ya pili imekunwa nusu na kifuu bado nimekishika. Asubuhi nilibeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani, nikasikia kiunoni kitu kama uzi unaokatika, nikapuuza kwa sababu nilikuwa nakimbilia kengele ya shule. Jioni miguu ilikubali kusimama, kiuno kikakataa. Nikabaki nimekunjika palepale, mbele yangu sinia la nazi, nyuma yangu mtoto amenishika makwapani ananiuliza, "Mama, nivute au nisivute?"

Nilikuwa na miaka 46, nafundisha darasa la nne. Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Wiki ya sita nikaenda kupigwa picha. Daktari simtaji wala hospitali siitaji, maana najua alinihurumia na foleni nje ya mlango wake ilikuwa ndefu. Aliinua filamu kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Mwalimu, pingili zako zimesagika. Usiiname, usibebe kitu, tafuta godoro gumu." Nikatoka na neno moja tu kichwani: zimesagika. Kwa Mswahili kinachosagwa ni mahindi, na unga haurudi kuwa mahindi. Usiku nililala chali nikiuona uti wangu wa mgongo kama pishi ya unga iliyofungwa kwenye kitambaa, inangoja nijigeuze vibaya imwagike.

Miaka miwili iliyofuata niliishi kwa kulinda ule unga. Nazi nikawa nanunua iliyokwisha kukunwa kwa mashine sokoni. Ufagio wa chelewa nikauacha kwa watoto. Mkanda wa kiuno nikaufunga toka asubuhi hadi usiku, mpaka ngozi ikawa na alama. Nilipigwa sindano, nikapigwa chuku, nikapakwa mafuta ya habasoda, nikameza vidonge mpaka tumbo likaanza kulalamika kuliko mgongo. Na katika muda wote huo maumivu hayakupungua hata kidogo. Yalihama tu, leo kiunoni, kesho nyongani, keshokutwa yamepanda hadi mabegani.

Lakini kilichoniumiza zaidi hakikuwa mgongoni. Nilianza kusali kwenye kiti. Dini imeruhusu, mgonjwa husali kwa namna anayoweza, na sikuwa na shaka juu ya hilo. Hata hivyo mtu aliyesujudu kwa miaka zaidi ya 30 paji lake likigusa msala, anapobaki kuinamisha kichwa tu hewani, anajua alichokikosa. Na misiba nikaacha kwenda. Hapa kwetu msiba ni mkeka. Wanawake tumekaa chini, tumebanana, goti la huyu paja la yule, na kiti kimoja katikati ya ukumbi kinamfanya mtu aonekane mgeni au mwenye makuu. Nikawa natuma rambirambi kwa simu. Watu hawakunisema mbele yangu, ila baada ya muda hawakuniambia tena kwamba fulani kafiwa. Nilikuwa nasikia siku ya tatu, dukani.

Mwaka 2021 mwalimu mwenzangu alinipeleka kliniki moja kwa kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Nilibeba bahasha yangu ya picha, imechakaa kwenye kona kwa kufunguliwa. Kijana alinisabahi, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikamnyooshea bahasha. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Hii nitaitazama. Lakini kwanza nitajie mambo matatu ambayo mgongo umekunyang'anya, na unataka yarudi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliulizwa panauma wapi, panauma vipi, panauma saa ngapi. Nilinyamaza hadi nikaona haya. Kisha nikasema: kukuna nazi. Kusujudu. Kukaa mkekani msibani, kuanzia watu wanapokusanyika hadi maiti anapotoka.

Akaandika kila kimoja kwenye mstari wake, kwa maneno yangu, "mkekani" akaiandika "mkekani." Akaniambia nipe kila jambo nambari: sifuri kama siwezi kabisa, kumi kama naweza kama zamani. Nazi nikaipa moja. Sijida sifuri. Mkeka sifuri. Halafu akauliza maumivu yenyewe, sifuri hadi kumi, nikasema saba, akaiandika pembeni kwa herufi ndogo.

Mimi ni mwalimu, siwezi kuona karatasi nisiulize imetoka wapi. Akanieleza kwamba kipimo hicho kilitungwa Kanada na Paul Stratford na wenzake mwaka 1995, na ubora wake ni kwamba maswali hayatoki kwa mtafiti, yanatoka kwa mgonjwa. Nikamwomba anitumie vya kusoma. Akanitumia kwenye simu makala za Kiingereza, nikakaa nazo na kamusi jioni baada ya jioni, na hapo ndipo nilipoanza kuona ukubwa wa jambo nililodhani ni langu peke yangu. Maumivu yakipita miezi mitatu yanaitwa sugu. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo lingine linalowafanya watu waishi miaka mingi namna hiyo wakiwa wanashindwa shughuli zao.

Makala moja niliisoma mara nne. Ni ya mwaka 2015, ya Waleed Brinjikji na wenzake, waliokusanya tafiti 33 za picha za CT na MRI za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao, vile vitu laini vinavyokaa kati ya pingili, zilikwisha kuchakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Watu hawa wanatembea, wanalima, wanacheza na wajukuu, hawaumwi mgongo. Nikaifungua bahasha yangu nikaitazama ile filamu upya. Kile nilichoambiwa ni unga kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mvi za ndani.

Sisemi picha hazina kazi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, au anayekonda bila sababu, au miguu inamlegea, au ana ganzi sehemu za siri, au ameanza kushindwa kuzuia mkojo na haja, huyo asikae nyumbani hata siku moja kusoma simulizi yangu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo nchini kwetu na kinatibika. Mimi sikuwa na hayo. Mimi nilikuwa na neno.

Na lile neno lilinifanya nini, nilikuja kulikuta limeelezwa katika makala ya mwaka 2000 ya Johan Vlaeyen na Steven Linton. Wanasema mtu akiumia, kisha akaamini kwamba maumivu ni dalili ya kuharibika, anaogopa. Akiogopa anaacha kujitumia. Akiacha kujitumia misuli inalegea, moyo unasononeka, na kila mjongeo mdogo unauma kuliko jana, kwa hiyo anapata ushahidi mpya kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Niliposoma nilihisi kama mtu aliyekaa barazani kwangu miaka miwili akinitazama.

Kijana yule hakunipa mazoezi ya ajabu. Kusujudu tulianzia kitandani: nikasimama, nikaweka mikono juu ya godoro, nikateremsha paji mpaka likagusa shuka. Mara tano, asubuhi na jioni. Baada ya siku kadhaa tukahamia kwenye kiti chenye mito miwili, kisha mto mmoja, kisha kiti kitupu. Halafu kigoda. Kisha mito mitatu sakafuni, nami nikawa naondoa mmoja kila nilipoona mwili umezoea. Maumivu yalikuja kila hatua. Aliniambia yakipanda kidogo na kutulia kabla ya kulala, si uharibifu, ni mwili unaouliza swali la zamani. Yakipanda hadi kesho yake, nirudi hatua moja, nisiache.

Siku paji lilipofika kwenye msala ilikuwa alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Maumivu yalikuwa sita kwa kumi. Harufu ya ukindu wa ule msala niliikuta vilevile. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na hakuna kilichomwagika.

Mbuzi ilikuwa na hadithi yake. Nilijaribu wiki tatu, kila nikikaa nikawa nasimama na machozi. Kijana akaniuliza urefu wa kile kikalio kutoka chini. Nikapima kwa mkono: shibiri moja na kidole. Akasema, "Mama, nani amesema lazima kiwe hivyo?" Seremala wa mtaani kwetu aliniongezea miguu ya mbao, shibiri moja nyingine, na ule ulimi wa chuma akaupindisha kidogo uje upande wangu nisiufuate. Siku ya kwanza nilikuna nusu nazi. Ya pili, nusu. Siku ya tisa nikamaliza nzima, nikakamua tui mwenyewe kwa kifumbu, tukala bada kwa mchuzi wa papa. Binti yangu alikula bila kusema neno, kisha akaniosha mikono kama ananipongeza.

Nimekuja kujua kwamba jambo alilolifanya seremala lina nafasi yake katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2001 walitoa mfumo wa kuainisha uwezo wa mwili unaotenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya: mwili wenyewe una nini, mtu anaweza kufanya nini, anashiriki nini katika jamii yake, na mazingira yake yanamsaidia au yanamzuia. Mgongo wangu ni ule ule. Mbuzi ndiyo iliyobadilika, na nikaweza.

Baada ya miezi sita nilikuwa nafika kliniki mapema, na kwenye benchi kulikuwa na bibi na mababu wasioona vizuri au wasiojua kusoma. Nikawa nawasomea fomu. Hiyo kazi isiyo na mshahara imenifundisha kuliko makala zote.

Fomu moja maarufu ya kiuno ina sentensi 24, ilitungwa Uingereza na Martin Roland na Richard Morris mwaka 1983. Mgonjwa anaweka alama kwenye kila sentensi inayomhusu siku hiyo. Moja inasema napata taabu kuvaa soksi kwa sababu ya mgongo. Nilimsomea bibi mmoja wa kutoka upande wa Tongoni. Akatazama miguu yake, kandambili, nyayo zimepasuka kwa maji ya chumvi, akaniambia, "Soksi sina mwanangu. Weka sina." Nyingine inasema napanda ngazi polepole. Nyumba yake haina ngazi. Kwa hiyo karatasi ikaonyesha ana nafuu, na huyu ni mtu ambaye hawezi tena kuchuchumaa chooni bila kushikwa na mjukuu wa miaka minane. Hilo la choo halikuwa na sentensi.

Fomu nyingine kubwa ya Kimarekani inapima uwezo kwa kuuliza kama mtu anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Watafiti walioifasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya Tanzania, na kuchapisha kazi yao mwaka 1999, hawakuishia kubadilisha maneno. Waliijaribu kwa watu wetu kuona kama nambari zina maana ileile. Nawaheshimu sana watu wa kazi hiyo. Ni kazi isiyoonekana.

Maana hata pale penye maneno sahihi pana mitego. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekata mkonge tangu kijana, miaka ya majani na miiba, kuinama kwa siku nzima, mgongo umepinda kama mundu. Nikamsomea: "Kwa siku 30 zilizopita umeumwa kwa kiwango gani?" Akajibu kwa sauti ya mtu aliyekerwa, "Siumwi mimi." Nikataka kuandika sifuri. Kalamu ikasita. Nikamuuliza, "Mgongo je, baba, unauma?" Akasema, "Aa, mgongo unauma mchana na usiku. Lakini mimi siumwi." Kwake, na kwa wengi wetu, kuumwa ni ugonjwa, ni homa, ni kulazwa. Mgongo unaouma ni mgongo unaouma. Herufi moja ingemtoa yule mzee katika hesabu ya wenye maumivu. Na ukitaka kukwepa kwa kusema "uchungu," kina mama watakujibu kuhusu uzazi, au kuhusu mtoto aliyefariki.

Neno gumu kuliko yote ni ulemavu. Fomu ina kichwa cha habari hicho, na wagonjwa wakisikia wanarudisha karatasi. "Mimi si mlemavu." Ulemavu tunauona ni mguu uliokatwa, jicho lililopofuka, kitu cha kudumu na cha kuonekana. Nami nimeacha kulitumia kwenye benchi. Nasema, "Bibi, ni kitu gani kinakushinda?" Hapo watu hufunguka. Umbali pia: kilomita moja haiwaambii kitu, lakini ukiuliza, "Unaweza kwenda soko la Mgandini na kurudi bila kukaa njiani?" unapata jibu lililonyooka, pamoja na jina la duka wanalokaa kupumzika.

Ile nambari ya sifuri hadi kumi ndiyo inayonisumbua bado. Bibi yule wa Tongoni nilimuuliza mara tatu. Akanijibu, "Maumivu hayana nambari, yana saa. Alfajiri yananikaba, jua likitoka yananiachia, magharibi yanarudi." Nikaandika maneno yake pembeni ya karatasi, na kijana wa fizio akayatumia: akampangia mazoezi yake saa nne asubuhi, wakati ambapo mwili unampa ruhusa. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, kilipopitia upya maana ya neno maumivu mwaka 2020, kiliandika kwamba anachosema mtu kuhusu maumivu yake kinapaswa kuheshimiwa, na kwamba kusema ni njia moja tu kati ya njia nyingi za kuyaonyesha. Ningependa hayo yabandikwe kwenye kila mlango wa kupimia wagonjwa.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima. Mazoezi na elimu vimo. Mikanda ya kiuno imewekwa upande wa mambo wasiyoyapendekeza. Nilipoona nikaenda kabatini, nikautoa wangu, nikakata vile vyuma vya ndani, kitambaa chake sasa tunashikia sufuria.

Wenzangu shuleni huniuliza kama nimepona. Naona wanataka jibu la ndiyo au hapana, nami najibu kwa karatasi. Mwaka jana tulizijaza upya zile nambari, ileile meza, yuleyule kijana, sasa ana ndevu. Maumivu: tano. Yalikuwa saba. Kwa miaka mitatu ya jasho, ni kushuka kwa ngazi mbili tu, na zipo asubuhi za mvua za masika ambapo hata hizo mbili sizioni. Nazi: nane. Sijida: tisa.

Mkeka: sita. Hapo nilimweleza habari ya jirani aliyefiwa na mumewe. Nilikwenda tangu asubuhi, nikakaa ukutani na mto mdogo kiunoni, goti la jirani juu ya goti langu. Khitma ilisomwa nikiwa pale. Maiti alipotolewa na wanawake wakainuka kwa kilio, mimi sikuweza kuinuka haraka, na mfiwa mwenyewe, kwa macho yake yaliyovimba, alinyoosha mkono akanivuta. Kijana akauliza kama bado nataka sita, kwa kuwa nilisaidiwa. Nikamwambia acha sita. Hapo zamani pia tulikuwa tunavutana.

Akageuza karatasi, upande wa nyuma mtupu, akasema nina nafasi ya jambo la nne.

Nikafikiri baiskeli. Mtu wa Tanga bila baiskeli anatembea kama aliyesahau kitu nyumbani. Yangu iko stoo, tairi zimelala, tandiko limefunikwa na gunia. Zamani nilikuwa naendesha jioni hadi Raskazone, upepo wa bahari unanipiga usoni, naegesha chini ya mti, natazama jua linavyozama upande wa mjini.

"Andika baiskeli."

Akaandika. "Nambari?"

"Sifuri," nikamwambia.